Li ya Tatu

Wiki ile ambayo wimbo wa Mkwaruzo ulianza kupigwa kila mahali, kuanzia kwa kinyozi hadi kwenye foleni ya benki, dada yake aliacha kupokea simu zake.

Mwanzoni Mkwaruzo hakutia shaka. Dada alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, na mtu anayepakulia kiwanda kizima kabla ya king'ora cha mchana hana mkono wa kushikia simu. Lakini jioni ilipita bila jibu, na kesho yake, na keshokutwa. Jumamosi alichukua nakala ya albamu, ile aliyomwandikia dada yake jina kwenye jalada, akaenda kumpigia hodi.

Alisikia kandambili zikija hadi mlangoni, zikasimama.

"Nani?"

"Mimi, dada."

Halafu sauti ileile iliyomfundisha kusoma, kuhesabu na kunyamaza ikasema kutoka upande wa pili wa mbao: "Dada hayupo. Amekwenda kula."

"Si ni wewe unayeongea?"

"Nimekwambia hayupo. Akirudi ameshiba nitamwambia ulikuja."

Kandambili zikarudi zilikotoka. Mkwaruzo akabaki na albamu mkononi kama mchuuzi aliyekosea nyumba. Maneno yalikuwa na sura ya utani, lakini utani wa dada yake aliujua: huwa unakuja na kofi la begani. Huu ulikuja na komeo.

Jina la Mkwaruzo alipewa akiwa binti wa shule, likamganda. Akiwa na miaka sita alipasuliwa koo, kovu likabaki ndani, na tangu hapo sauti yake ilikuwa ikipanda vizuri hadi mahali fulani, kisha inachanika kama kitambaa kilichonaswa na msumari. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anachezesha midomo tu. Miaka mingi baadaye aligundua kwamba ukiweka gitaa la umeme chini ya mchaniko ule, watu huacha kuongea. Alitoa albamu mbili za roki zilizonunuliwa na ndugu, na ndugu wenyewe hawakuzisikiliza hadi mwisho. Ya tatu aliiita *Koo*. Hiyo ndiyo iliyotoboa.

Wimbo ulioibeba ulikuwa "Dada". Aliutunga kwa ajili ya siku ya hospitali. Mama yao alikuwa ameshafariki. Dada, msichana ambaye bado alikuwa na sare za shule kabatini, ndiye aliyekaa kando ya kitanda. Mkwaruzo alikumbuka jambo moja tu la siku ile, na alilikumbuka waziwazi: alifumbua macho, akataka kulia, koo likakataa, na mbele yake akaona mgongo wa dada yake, ameinama, mabega yanatikisika. Kiitikio kilitoka hapo: *Nilipokosa sauti, dada alinililia.* Mtoto hana sauti ya kulia, dada anamlilia. Katika albamu nzima hakuona mstari ulio mwepesi kueleweka kuliko huo.

Jumatatu meneja wake alimpigia kuhusu video.

"Nimepata wazo," alisema meneja, mtu ambaye hakuwahi kuanza simu kwa salamu. "Meza ndefu. Mwanamke amekaa peke yake, anakula. Anakula kila kitu: nguo zako, viatu vyako, cheti chako cha shule. Mwisho analetewa gitaa kwenye sinia, na kisu na uma."

"Anakula kwa nini?"

"Kwani dadako hakukulia?"

"Hakunilia nini?"

"Hilo ndilo kila mtu analouliza, na usithubutu kulijibu. Wengine wanasema urithi. Wengine wanasema mchumba. Likibaki fumbo, ndiyo biashara."

"Mimi sijasema dada alinilia. Nimesema alinililia."

"Rudia."

"A-li-ni-li-li-a."

"Mkwaruzo, mama, ule wimbo nimeusikiliza kuliko wewe. Una li mbili. Hiyo ya tatu umeiongeza sasa hivi kwenye simu."

Tofauti ni silabi moja. Aliyekulilia amemwaga machozi kwa ajili yako. Aliyekulia amekula cha kwako, na wewe unatazama. Ubaya wa mstari ule ni kwamba ulizikubali maana zote mbili bila kulalamika. *Nilipokosa sauti, dada alinilia*: nilipokuwa sina wa kunisemea, dada akatafuna cha kwangu. Ukisikia hivyo kwa sauti iliyochanika, gitaa linanguruma chini yake, huo si wimbo wa shukrani tena. Ni mashtaka, na mshtakiwa anajulikana anakofanyia kazi.

Chini ya chumba alichopanga Mkwaruzo kulikuwa na kinyozi. Alishuka na kofia imefika kwenye nyusi, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri zamu. Redio ilikuwa imefika ubeti wa pili.

"Mimi nakwambia ni shamba," alisema mteja, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Shamba haliliki."

"La kwetu lililiwa. Mjomba alilila na mawe yake."

"Sikiliza uchungu huo, ndugu yangu," alisema kinyozi. "Mtu hachaniki hivyo kwa shamba. Huyu dada alikula ada ya shule."

Kiitikio kikafika. Wote wawili wakaimba, kinyozi ameinua mashine juu kama kipaza sauti, mteja amefumba macho, shuka shingoni. Mkwaruzo akautegea sikio mstari alioutunga mwenyewe. Akasikia li mbili. Ukarudiwa, akasikia tatu. Uliporudiwa tena hakuwa na hakika kama anamsikia mwimbaji, au kinyozi, au kichwa chake.

Akapanda basi hadi studio.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la vioo. Kuta zake zilifunikwa kwa vipande vya sponji ili sauti isirudi, na vipande hivyo vililetwa na dada mwenyewe, mabaki ya kiwandani, amevibeba kichwani kwa safari kadhaa. Fundi mitambo alikuwa amekaa katikati ya nyaya zake akitafuna karanga.

"Umekata silabi yangu," alisema Mkwaruzo kabla hajaketi.

"Habari za kwako pia."

"Kwenye 'Dada'. Umeona li zimefuatana, ukadhani nina kigugumizi, ukakata moja."

Fundi akaweka karanga chini. "Mimi nakata pumzi. Nakata kikohozi. Nakata mbwa wa jirani. Silabi ya mtu sikati, hiyo ni mali yake."

"Basi imekwenda wapi?"

"Tuiulize mashine. Mashine haina undugu na mtu."

Akafungua rekodi za siku ile, zote, hata zile mbovu. Ya kwanza ikatoka: *alinililia*, safi kama maji ya mtungi, li zote zipo. Na ilikuwa mbaya. Maneno yalijaa mdomoni kama viazi vya moto, mpiga ngoma alishafunga mstari na mwimbaji bado anatafuta mlango. Ya pili hivyohivyo. Mwisho wa ya tatu ikasikika sauti ya fundi mwenyewe kutoka chumba cha mitambo ikisema, "Punguza." Na sauti ya Mkwaruzo ikajibu, "Sawa."

"Hapo!" alisema Mkwaruzo. "Umesema punguza. Nikapunguza sauti."

"Sauti? Nilimaanisha maneno! Mstari ulikuwa unamwagikia nje ya ngoma."

"Ulisema punguza tu."

"Na wewe ukasema sawa tu."

Wakatazamana. Rekodi iliyofuata ilikuwa ya chini mno, kama mtu anayeimba asiamshe wenye nyumba, na fundi alikiri kwamba siku ile alishangaa lakini hakutaka kumvunja moyo. Mbili nyingine zilikuwa hazina chumvi. Kisha ikaja ya mwisho, ile iliyoingia kwenye albamu. Mkwaruzo alihisi nywele za mikono zikimsimama, na hilo lilimkera, kwa sababu hakuja kusisimka. Alikuja kuhesabu.

Fundi akaikuza picha ya sauti kwenye skrini hadi neno lile likajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Baada ya *ni* kulikuwa na kilima kimoja kirefu, na katikati ya kilima ufa mwembamba.

"Hapo ndipo sauti ilipochanika," alisema fundi, akigusa ufa kwa ncha ya kalamu. "Ukisema ufa huu ni mpaka, una li huku na li huku; pamoja na ile ya kabla ya *ni*, jumla tatu. Ukisema ni kovu lako tu, basi ni li moja imevutwa, jumla mbili."

"Na wewe unasemaje?"

"Niliichagua kwa sababu ilinitoa jasho. Sikuhesabu."

"Lakini niliimba nini?"

"Aliyekuwa ndani ya kile chumba ni wewe, Mkwaruzo. Mimi nilikuwa huku."

Mkwaruzo alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kiatu kilichombana. Alikumbuka waya uliokuwa ukigusa mguu wake kila alipopiga hatua. Neno lenyewe hakulikumbuka. Alijua alichoandika, hakujua alichoimba, na hadi siku ile hakuwahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili. Akajiuliza kama kweli aliitii ile "punguza" bila kujua. Akajiuliza pia swali baya zaidi: je, kuna kitu dada aliwahi kumlia, na mdomo wake ukajua kabla yake? Alipekua utoto wote. Aliona kipande kikubwa cha kila kitu kikiwekwa kwenye sahani yake, na kidogo kwa dada. Hakuona zaidi ya hapo.

"Naweza kuibandika li kutoka ile ya kwanza," alisema fundi. "Kazi ndogo. Ila itaonekana kiraka."

"Usiguse kwanza. Nirushie ile ya kwanza kwenye simu."

Alikwenda kantini siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, kwa hesabu rahisi: nyumbani dada ana mlango, kazini hana.

Foleni ya ovaroli za bluu ilijaa ukumbi, wengi wao na chembe za sponji kwenye nywele kama watu walionyeshewa mvua nyeupe. Mbele, nyuma ya sufuria zilizofika kiunoni, dada alikuwa akipakua maharage na wali, nyama kipande kimoja kwa mtu. Hakuwa akiinua macho.

"Dada, hicho kipande changu, usije ukanilia!" alisema wa kwanza.

"Hebu muoneni shavu lake. Huyo kalia watu wengi," alisema wa pili.

"Mwacheni dada wa watu," alisema wa tatu kwa sauti ya huruma, akapokea sahani, ndipo akamalizia: "Mwenye njaa hana undugu!"

Ukumbi ukalipuka. Mkwaruzo aliwahi kuota umati ukiimba kiitikio chake. Sasa uliimba, ukigonga vijiko kwenye sahani za bati, wakati uleule wa ngoma, na kila kijiko kilimgonga yeye. Mpishi kuitwa mlaji ni kama mlinzi kuitwa msinziaji: leo ni mzaha, kesho ni ofisini. Kando ya sufuria ya nyama kulikuwa na mizani mpya ya kupimia kila kipande, na aliyeiweka alikuwa msimamizi, naye pia alisema anatania.

Mkwaruzo akapita pembeni, akaingia nyuma ya meza.

"Foleni inaanzia kule," alisema dada bila kugeuka.

"Dada, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza. Nikikataa, redio ya basi inanisikilizisha."

"Mara moja tu. Kisha nitaondoka."

Dada alimpa msaidizi wake sufuria ya wali, akabaki na upawa wa maharage, akatangulia stoo. Kulikuwa na magunia ya mchele, madumu ya mafuta na joto. Mkwaruzo akatoa simu.

"Hii ndiyo ya kwanza, kabla sijaambiwa nipunguze."

*Nilipokosa sauti, dada alinililia.*

Dada alikunja uso. "Rudisha." Akasikiliza tena, akihesabu kwa vidole vya mkono usio na upawa. "Alinililia. Yaani mimi nililia."

"Ndiyo! Ulinililia. Wimbo mzima ni wa kukushukuru. Ile nyingine ni kosa la, la sijui nani. La fundi. La koo langu. Sijui."

Alitegemea uso wa dada yake ungefunguka. Haukufunguka. Dada aliketi taratibu juu ya gunia, kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine.

"Nani alikwambia nililia?"

"Nilikuona mwenyewe. Hospitali. Umenipa mgongo, umeinama, mabega yanatikisika."

"Mdogo wangu," alisema dada. "Nilikuwa nakula."

Nje mtu aligonga sahani.

"Ulikuwa uji wako. Nesi aliuweka mezani akaenda zake. Wewe ulikuwa huwezi kumeza hata mate, na mimi tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo. Nikasema nionje tu. Nikakupa mgongo usije ukaamka ukaniona. Niliula wote, nikakwangua bakuli. Nesi aliporudi akasema, vizuri, mgonjwa amekula. Nikasema ndiyo." Aliutazama upawa. "Nilipousikia wimbo nikasema basi, kumbe mtoto alikuwa macho. Amekaa nalo miaka yote hii, leo kalitoa na gitaa."

"Mimi sikukuona ukila. Nilikuona ukilia."

"Basi uliona vibaya, ukaimba vizuri."

Mkwaruzo alisimama katikati ya magunia akijaribu kupanga mambo. Mstari alioutunga haukuwa kweli. Mstari wa kinyozi na mteja wake, wa foleni ile yote ya ovaroli, ndio uliokuwa kweli, na aliouimba yeye, kama kweli aliuimba, alikuwa ameuimba bila kuujua. Alikuwa amekuja na ushahidi kamili wa jambo ambalo halikutokea.

"Kwa hiyo hukulia?"

"Sijui."

"Mtu atakosaje kujua kama alilia?"

"Wewe hujui ulichoimba juzi. Mimi nikumbuke ya enzi hizo?" Dada akafuta upawa kwa kona ya aproni ingawa haukuwa na kitu. "Ila uji wa hospitali hautiwi chumvi. Wakati ule sikujua, sasa najua, ndiyo kazi yangu. Na ule ulikuwa na chumvi."

Mkwaruzo alifikiria kinachoweza kudondokea kwenye bakuli la mtu aliyeinama.

"Fundi anasema anaweza kubandika," alisema mwishowe. "Irudi kuwa alinililia."

"Ili iwe uongo?"

"Basi niiache."

"Ili hawa waendelee kunigongea sahani?"

"Dada, sasa unataka ipi?"

"Iache kama ilivyo."

"Ilivyo ndiyo ipi? Hata mashine haijui!"

Sauti nene ikaita kutoka dirishani: "Dada! Foleni imesimama! Au ndiyo unatulia nyama huko?"

Dada akainuka. Alitoka stoo na upawa umeinuliwa, na Mkwaruzo nyuma yake, akasimama mbele ya sufuria hadi vijiko vikanyamaza kimoja kimoja.

"Ndiyo, nawalia," alisema. "Na huyu hapa ndiye mdogo wangu. Nilimlia uji wake akiwa mgonjwa kitandani, bakuli zima, wala sikumbakishia. Mtazameni: hajafa, na anaimba. Na wewe mwenye domo kama la beseni, ukichelewesha sahani nitakulia."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama kile cha kwanza. Yule wa sauti nene alileta sahani yake mbio. Mtu mmoja akamtambua Mkwaruzo, simu zikainuliwa, na kwa muda foleni ilijisahau. Lakini hakuna aliyeimba, kwa sababu mzaha ukishakubaliwa hukosa pa kuuma. Msimamizi alionekana mlangoni, akaangalia mizani yake, akaangalia upawa, akaondoka na mizani kwapani.

King'ora kilipolia ukumbi ulibaki na harufu ya maharage na viti vilivyokaa ovyo. Mkwaruzo alikaa kwenye meza ya mwisho, akamwandikia meneja: *Usiguse wimbo. Video hakuna mwanamke, hakuna meza.* Meneja akajibu kwa alama za kuuliza, nyingi. Akaigeuza simu kifudifudi.

Dada alikuja na sahani moja, akaiweka mbele yake. Wali, maharage, kipande cha nyama kilichobaki chini ya sufuria.

"Yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe?"

Dada alifungua aproni, akaketi upande wa pili wa meza, akajifuta uso kwa kona yake. Uso ulikuwa umelowa, lakini kutwa nzima alikuwa juu ya mvuke.

"Haya," alisema. "Nilie."

Kijiko cha Mkwaruzo kikasimama hewani. Huenda aliambiwa ale fungu la dada yake. Huenda aliombwa amwache dada alie. Neno lilikuwa moja, fupi, li yake moja tu, hakukuwa na ya kuhesabu. Alimtazama dada yake, akasubiri kuona kama mabega yatatikisika. Kisha akaanza kula, taratibu, bila kumpa mgongo.